PAKA MZEE MWENYE KISUKARI NA MIGUU MIZITO

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya Tarawehe. Tumeyaandika hapa kwa faida ya msomaji ambaye hakuwahi kuhudhuria.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhan. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), watu wa nyumba yake, maswahaba zake na wote wenye kufuata mwendo wao hadi siku ya mwisho. Amma baad.



Ndugu wa kamati waliponitaka nizungumze walitarajia niseme juu ya miraa, au simu, au mambo ya ndoa. Nikawaambia nitazungumzia paka. Wakacheka. Na wewe ukitaka kucheka cheka tu, kicheko hakifunguzi swaumu. Lakini usiufunge ukurasa, kwa sababu huenda nyumbani kwenu yuko paka mzee ambaye mwaka huu ameanza kukojoa ovyo, na tayari kuna mtu ameshasema, "Huyu atiwe guniani, akatupwe sokoni."

Mimi ndiye niliyesema maneno hayo nyumbani kwetu.

Tuna paka dume, jina lake Simba. Alikuja akiwa mtoto, akalala juu ya miguu ya mama yangu kila usiku, na alipofika miaka 13 alikuwa mnene, hana haja ya kukimbiza panya, kazi yake ni kula na kulala. Halafu mambo yakageuka. Akaanza kunywa maji bila kiasi. Utamkuta asubuhi ameingiza kichwa kwenye ndoo ya maji ya udhu. Akawa anakula chake na kudai chetu, na bado mgongo unachomoza mifupa. Mkojo ukawa mwingi, pembeni ya kabati, chini ya meza, mwisho juu ya msala wa mama. Na kutembea kwake kukawa kwa ajabu: miguu ya nyuma ameilaza chini, anakanyaga kwa kisigino kama mtu aliyechuchumaa.

Sisi vijana wa nyumba tukakata shauri. Gunia nililinunua mwenyewe. Mama yangu, ambaye ana kisukari kwa miaka mingi, alikuwa ameketi anatazama Simba akinywa maji. Akasema maneno machache tu: "Huyu anakunywa kama nilivyokuwa nikinywa mimi kabla sijapimwa." Wallahi, mkono ulioshika gunia uliniishia nguvu.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo badala ya sokoni. Mashine ya kupimia sukari ikasoma 24. Daktari akatueleza kwamba paka akiogopa sukari yake hupanda kwa hofu tu, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Akapima mkojo, akakuta sukari humo pia, na akatoa damu kwa kipimo kinachoitwa fruktosamini, ambacho huonyesha sukari ilivyokuwa kwa wiki 1 hadi 3 zilizopita. Majibu yakatoka: kisukari.

Sasa elewa jinsi ugonjwa huu unavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa utaacha kumlaumu mnyama. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoufungulia mwili mlango ili sukari iingie kwenye misuli na viungo. Kisukari cha paka wengi kinafanana na kile cha watu wazima wanene: mwili unaikataa insulini, na kongosho linachoka. Dume aliyehasiwa, mzee, mnene, anayeshinda ndani, huyo yuko katika hatari zaidi. Sukari isipoingia mwilini inabaki kwenye damu, ikizidi inamwagika kwenye mkojo, na sukari hiyo huvuta maji. Ndiyo maana anakojoa sana, na kwa sababu anakojoa sana ndiyo maana anakunywa sana. Mwili nao una njaa katikati ya shibe, unakula nyama yake wenyewe, paka anakonda huku sahani yake tupu. Kumnyima maji ili asikojoe, kama wengine wanavyofanya, ni kumuua. Maji yawepo siku zote.

Na ile miguu? Sukari nyingi ya muda mrefu huumiza mishipa ya fahamu, hasa ya miguu ya nyuma. Basi nguvu zinapungua na kisigino kinashuka chini. Si uvivu, wala si jini, kama jirani mmoja alivyotuambia.

Kabla sijaingia katika matibabu, nikukumbushe jambo unalolijua. Swahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote tunamwita Abu Hurayra, na jina hilo ni la paka, baba wa kijipaka. Watu wengi hawajui hata jina lake la Abdulrahman. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Hebu itazame hadithi hiyo kwa makini. Mwanamke yule hakumpiga paka. Alichofanya ni kumzuilia njia halafu akamsahau. Paka wetu wa ndani, aliyezeeka mikononi mwetu, hawezi tena kuwinda wala kupigana na wale wa sokoni. Ukimtupa huko na miguu ile, umemwachia kweli, au umemfungia kwa njia nyingine? Jibu mwenyewe.

Kuna na kisa cha Abu Qatada (R.A). Mke wa mwanawe, Kabsha, alikuwa amemtilia maji ya kutawadhia, akaja paka anataka kunywa. Yule mzee akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Kabsha akashangaa, naye akamweleza kwamba Mtume (S.A.W) alifundisha kuwa paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Imo katika Muwatta ya Imam Malik, na kwa Abu Daud na Tirmidhi. Mimi kinachonigusa ni kule kuinamisha chombo. Hakumwacha paka ajitahidi mwenyewe, alimsogezea. Nyumba yenye paka mzee inahitaji vyombo vingi vya kuinamishwa, kama utakavyoona.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo sisi tuliharibu.

Paka ni mla nyama. Mwili wake umeumbwa kupata nguvu kutoka kwa nyama na mafuta, na wanga una kazi ndogo sana kwake. Sisi tulimlisha nini Simba? Wali uliochanganywa na mchuzi wa samaki, ugali na dagaa wawili juu kama mapambo, mkate uliorowekwa kwenye maziwa, na katika Ramadhan, kaimati! Watoto walikuwa wakimpa kaimati wakicheka. Paka mwenye kisukari anahitaji protini nyingi na wanga kidogo kadiri inavyowezekana. Chakula cha kopo cha paka kwa kawaida kina wanga mdogo kuliko kile kikavu cha punje, kwa sababu punje haziwezi kutengenezwa bila wanga. Kama kopo ni ghali, daktari atakusaidia kupanga chakula cha nyumbani: kuku au samaki wa kuchemsha, bila miba, bila chumvi, bila vitunguu. Vitunguu huharibu damu ya paka. Lakini samaki peke yake kila siku si lishe kamili. Na maini, ambayo wauza nyama huwapa watu wenye paka kwa bei ndogo, yakiwa ndiyo chakula cha kila siku humletea vitamini A nyingi kupita kiasi, mpaka mifupa ya shingo na mgongo inaota na kushikana. Unadhani unampa kitu kizuri, kumbe unamfunga shingo.

Paka mnene apunguzwe uzito polepole. Usimfungishe swaumu! Paka mnene akikaa siku 2 au 3 bila kula ini lake huweza kujaa mafuta na akafa kwa hilo. Mpime kila wiki kwa njia rahisi: panda juu ya mizani ukiwa umempakata, halafu panda peke yako, toa.

Kisha insulini. Hapa naomba usome polepole.

Paka wengi wenye kisukari hudungwa sindano mara 2 kwa siku, kila baada ya saa 12, pamoja na chakula. Ukiwa Mombasa au popote karibu na ikweta, Mwenyezi Mungu amekurahisishia: Alfajiri na Magharibi zetu hazihami sana mwaka mzima. Sisi tuliweka saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Mwezi wa Ramadhan ni mwepesi zaidi, kwa sababu nyumba nzima iko macho alfajiri, na jioni unamaliza kazi hiyo kabla ya adhana.

Kipimo ni cha daktari, si chako. Mama yangu hujidunga yuniti zaidi ya 20. Simba alianzishiwa yuniti 1. Nakiri kwamba siku ya kwanza, kabla hatujapata dawa yake, nilifungua friji nikaitazama chupa ya mama na nikawaza kumpimia "kidogo tu". Alhamdulillahi niliogopa. Insulini za binadamu haziko sawa, nyingine zinafanya kazi haraka, nyingine polepole, na ile "kidogo tu" yangu ingekuwa mara 5 ya kipimo chake.

Sirinji nazo zina hatari ambayo watu wengi hawaijui. Insulini ya kawaida ya binadamu ina yuniti 100 katika mililita 1. Baadhi ya insulini za wanyama zina yuniti 40 katika mililita hiyo hiyo, na zina sirinji zao. Ukivuta dawa ya 100 kwa sirinji ya 40, ukafika kwenye alama ya 1, umemdunga yuniti 2 na nusu. Soma chupa, soma sirinji, hakikisha namba zinafanana. Kama aliyekuuzia kwenye kemisti au duka la dawa za mifugo haelewi swali lako, usinunue mpaka umpigie daktari simu.

Kuna swali ambalo vijana wa Kiislamu wataliuliza, na ni swali la haki. Insulini moja maarufu ya wanyama, Caninsulin, imetokana na nguruwe. Je, itumike? Hilo mpelekee sheikh wako, mimi si mufti. Ninachoweza kukuambia ni kwamba haiko peke yake. Glargine, ambayo madaktari huwapa paka mara nyingi, ni ya binadamu na hutengenezwa maabara bila nguruwe kuhusika. Simba anatumia hiyo. Mwambie daktari wazi tangu mwanzo, usione haya.

Kuna pia dawa za mdomo zilizoanza kuruhusiwa kwa paka Marekani tangu Disemba 2022, bexagliflozin kwanza, kisha velagliflozin mwaka 2023. Hizo huifanya figo iitoe sukari kwenye mkojo. Hazimfai kila paka, na yule ambaye ameshakuwa kwenye insulini kwa kawaida hapewi, kwa sababu damu yake inaweza kujaa tindikali hatari hata sukari ikisoma vizuri. Ukisikia habari zake, muulize daktari. Usiagize mwenyewe.

Kuhifadhi: friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu. Insulini iliyoganda itupwe hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Wenye tatizo la stima, mtungi wa udongo ndani ya mchanga ulioloweshwa, mahali penye kivuli na upepo, hupunguza joto vizuri, na wagonjwa wengi wa kisukari hutumia njia hiyo. Chupa iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua.

Kudunga kwenyewe ni kazi ya sekunde. Unainua ngozi legelege ya ubavuni au mgongoni, inakuwa kama hema dogo, unaingiza sindano chini ya hema. Sindano ni nyembamba kama unywele. Simba huwa kwenye sahani anakula, hata hageuki. Mdogo wangu wa kike, mwenye kuogopa hata kuchinja kuku, ndiye mwenye mkono mzuri kuliko sote.

Sasa nikusimulie usiku ambao tulikaribia kumuua.

Ilikuwa Ramadhan ya kwanza ya matibabu. Jioni hiyo mdogo wangu alimdunga Simba saa 12 kasoro kidogo, akaenda jikoni kukaanga viazi karai. Mimi nikarudi kutoka kazini nimechoka na kiu, nikamwona paka yuko karibu na sahani, nikadhani bado. Nikamdunga tena. Tukafuturu, tukaenda Tarawehe. Tuliporudi tulimkuta chini ya kiti anayumba, macho makubwa, anajaribu kusimama anaanguka. Kisha mwili ukaanza kutetemeka wote.

Hiyo ni sukari kushuka, na inaua haraka kuliko sukari kupanda. Alama zake: udhaifu wa ghafla, kuyumba kama mlevi, njaa ya kichaa au kuzubaa, kisha kifafa. Paka akiwa bado anaweza kumeza, mpe chakula chake mara moja. Akiwa hawezi, paka asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi kwa kidole, nje ya meno, kidogo kidogo. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Usiingize kidole katikati ya meno ya paka mwenye kifafa. Halafu daktari, usiku huo huo, na sindano inayofuata isipigwe mpaka daktari aseme. Sisi tulipaka asali iliyokuwa mezani kwa ajili ya futari. Mama alimshika kichwa, huku akisoma alichokuwa akisoma. Ilichukua kama dakika 10 akaanza kulamba. Tulilala kwa zamu mpaka daku.

Tangu siku hiyo ipo kanuni. Unaijua ile kalenda ya Ramadhan yenye nyakati za imsaki na futari inayogawanywa misikitini? Tumeibandika mlangoni mwa friji. Aliyedunga anatia alama kwenye siku hiyo na herufi yake. Hakuna alama, unauliza. Ukiuliza na hakuna anayejua, basi hupigi. Kukosa sindano moja hakumuui paka, mbili kwa pamoja zinaweza. Ramadhan ikiisha tunabandika kalenda ya kawaida. Na asipokula, au akitapika, mpigie daktari kwanza. Paka mwenye kisukari anayetapika, hataki kula, amelala tu, pengine pumzi inanuka kama matunda yaliyooza, huyo ni wa kukimbizwa, si wa kusubiri kesho.

Kupima nyumbani kunasaidia sana. Mashine ile ile ya binadamu hutumika, tone la damu kutoka ukingo wa sikio, sikio likiwa limepashwa joto kwa kitambaa. Mashine ya binadamu mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli kwa damu ya paka, kwa hiyo daktari ajue unatumia mashine gani. Andika namba zote kwenye daftari. Usibadilishe kipimo kwa sababu ya namba moja ya juu. Na ukibadilisha chakula kutoka wali kwenda nyama, mwambie daktari kabla, maana mahitaji ya insulini yanaweza kushuka ghafla, na wewe ukaendelea na kipimo cha zamani.

Turudi kwenye miguu, maana watu huchanganya mambo mawili. Kisigino kulala chini ni kwa sababu ya mishipa ya fahamu, na sukari ikitulia, wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi, ingawa si wote wanaorudi kama zamani. Lakini paka mzee mara nyingi ana na ugonjwa wa viungo, mifupa imesagika kwenye magoti, nyonga, viwiko na mgongo. Paka haliilii maumivu yake. Atafanya hivi: ataacha kuruka dirishani, atasita kabla ya kupanda kiti, manyoya ya mgongoni yatashikana kwa sababu hawezi kugeuka kujilamba, kucha zitakuwa ndefu mpaka zinachoma nyayo, na atakojoa nje ya beseni kwa sababu ukingo wa beseni ni mrefu kwake. Watu wanasema amezeeka. Amezeeka ndiyo, na anaumwa.

Kwetu tulibadilisha nyumba kidogo, bila gharama kubwa. Beseni la mchanga tulilikata ukingo upande mmoja ukawa mfupi, tukaongeza la pili, ili asitembee mbali. Kreti ya soda iliyopinduliwa na kufunikwa busati ikawa ngazi ya kupandia kitanda cha mama. Sakafu yetu ni ya vigae, inateleza, basi tukatandika mikeka njia nzima kutoka beseni hadi sahani. Sahani tukaiinua kidogo kutoka chini ili asiinamishe sana shingo. Kucha tunakata kila baada ya wiki chache. Maji yako vyumba viwili.

Dawa za maumivu ndizo zinazonitia hofu. Panadol inaua paka. Narudia, kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua, maana ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Brufen, diclofenac, aspirini ya nyumbani, usithubutu. Daktari anazo dawa za paka, mfano meloksikamu kwa kipimo kidogo baada ya kuangalia figo, na tangu 2021 huko Ulaya kuna sindano ya mara moja kwa mwezi ya maumivu ya viungo vya paka, frunevetmab. Muulize kama inapatikana. Kisha mkumbushe kila daktari mpya kwamba paka wako ana kisukari, kwa sababu sindano za steroidi kama dexamethasone, ambazo hupigwa kwa kila kuwashwa na kila kuvimba, hupandisha sukari, na zinaweza hata kuuleta ugonjwa wenyewe. Vidonge vya homoni wanavyopewa paka jike ili wasizae vina hatari hiyo hiyo.

Kuhusu tohara. Paka mwenyewe ni twahara, mabaki yake ya maji hayana neno, lakini mkojo wake ni najisi na msala wa mama ulifuliwa mara nyingi. Tumeufanyia rafu ya kuutundikia, na sehemu ya kuswalia ina mlango unaofungwa. Hatukuhitaji zaidi ya hayo. Msumari mmoja na mlango uliokuwepo siku zote! Na mimi nilikuwa nimeshanunua gunia.

Limebaki swali ambalo aliuliza kijana mmoja, na naliheshimu. Alisema, "Ustadh, kuna wazee mtaani hawana pesa za insulini, wewe unamnunulia paka?" Sikumjibu haraka. Ni kweli. Kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa anayekosa dawa, dawa yake ndiyo ya kwanza, na usije hata siku moja ukapunguza kwenye chupa ya mtu ukampa mnyama. Lakini angalia hesabu. Kwa yuniti 1 au 2, dawa ya paka si dawa ya mtu mzima, na nusu ya matibabu yake, yaani kuacha wali na kaimati, mikeka, kreti, beseni lililokatwa, haitoi shilingi mfukoni. Tena mzee yule wa mtaani hakosi insulini kwa sababu ya Simba. Baada ya swali lile tulikubaliana vijana 6 tuchangie kila mwezi dawa ya mzee mmoja jirani. Kijana aliyeuliza ndiye mweka hazina.

Na kama hali imefika pabaya, dawa hazisaidii na mnyama anateseka tu, usiamue kwa hasira wala kwa kuchoka. Wanazuoni wana maneno yao juu ya kumpumzisha mnyama. Mkalishe sheikh na daktari pamoja, au uwapigie simu wote wawili siku moja, usikilize. Na huyo daktari awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Ni haki yako kumuuliza.

Simba sasa ana miaka 15. Kuna miezi 5 sukari yake ilitulia mpaka daktari akasimamisha sindano kabisa, jambo linalowatokea baadhi ya paka, hasa matibabu yakianza mapema. Kisha ikarudi, tukaanza upya. Kisigino kimoja kimeinuka, kingine bado kinagusa chini. Leo kabla ya kuja hapa nimefungua friji kuchukua maji, nikaiangalia kalenda. Alama ipo, na herufi ni ya mdogo wangu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.